Mifugo Imenona

Ulaanbaatar, 9 Oktoba 2000

Kaka Dugersuren,

Je, mnapitisha vuli salama? Mifugo imenona? Mama na wifi Handsuren hawajambo? Mimi huku ni mzima. Moshi wa makaa ya mawe umeshaanza kulala juu ya jiji, lakini chumba changu kina joto na kazi ipo.

Baada ya salamu, nakuletea habari ya wageni. Kampuni ya utalii imekubali kuurudisha msafara wa farasi bondeni kwenu Julai ijayo, kutoka mtoni hadi kwenye maziwa ya mlimani na kurudi, wewe ukiwa kiongozi na mimi mkalimani, kama tulivyozoea. Sharti la mwenye kampuni ni lilelile: farasi wawe wa kwako, waliozoea mikono ya wageni, wasiwe wa kukusanywa huku na huku. Anasema watu hawavuki nusu ya dunia kuja kupanda farasi tu. Wanakuja kukaa na familia moja na kundi lake.

Bi Marijke, yule mjane wa Uholanzi aliyelia alipoagana na farasi wa rangi ya mchanga, atarudi. Ameandika kuuliza hali ya “Oskar”. Nilimjibu kwamba sisi hatuwapi farasi majina, tunawataja kwa rangi zao. Akanijibu kwamba vizuri, basi jina la Oskar bado halijachukuliwa na mtu. Mweleze mama, atafurahi.

Sina haja ya kukufafanulia uzito wa jambo hili. Tangu ushirika wa wafugaji ulipovunjwa ukaacha kuwa daktari wa mifugo mwenye mshahara, sufu na nyama havijawahi kuwafikisha hadi majira ya kuchipua. Wageni ndio waliowabakiza Mwamba wa Manjano, huku jirani baada ya jirani akifungasha hema lake na kuja kulisimamisha hapa kwenye vilima vya moshi, bila mnyama hata mmoja mlangoni. Maadamu farasi wapo, wageni watakuja. Maadamu wageni wanakuja, hamtahama. Hayo ndiyo mawazo yanayonipa usingizi.

Unijibu kabla theluji haijafunga njia.

Mdogo wako,
Norjmaa


Mwamba wa Manjano, 2 Novemba 2000

Norjmaa mdogo wangu,

Tunapitisha vuli salama. Mifugo imenona. Mama ni mzima, isipokuwa ule mguu wake, ambao nao amekwisha kuuzoea kiasi cha kuusema kama mtu wa tatu aliyelala naye hemani. Handsuren anakusalimu. Anasema uliisahau skafu yako ya kijani, na kwa kuwa hujaiulizia, ameshaanza kuivaa.

Baada ya salamu. Nyasi za kiangazi zilikauka kabla ya kukomaa, na panya wa nyikani wakamaliza zilizosalia. Farasi wana matumbo lakini hawana migongo; yaani wameshiba pasipo kunona, na mtu asiyejua tofauti hiyo angewasifu. Kwa hiyo neno “imenona” nililoliandika hapo juu ni la salamu, na haya ndiyo ya baada ya salamu. Nalisema wazi kwa sababu umekaa mjini muda mrefu.

Theluji ya kwanza iliwahi, ikayeyuka, kisha ikaganda. Farasi anajua kuchimba theluji kwa kwato hadi aifikie nyasi, lakini barafu haichimbiki. Kwa sasa ganda ni jembamba. Yule wa rangi ya mchanga hutangulia kulivunja na wengine hula nyuma yake, jambo ambalo sijawahi kuliona kwa farasi aliyehasiwa. Mwambie mjane.

Nilimweleza mama habari ya Oskar.

“Hilo ni jina la daktari wa meno,” alisema. “Na huyo mjane mwenyewe akija, tumtaje kwa rangi gani?”

“Mwekundu,” Handsuren akasema. “Hukuiona pua yake?”

“Basi mwekundu, pua imebabuka. Asifungwe karibu na madume.”

Zizi la mawe alilolijenga baba bado linauzuia upepo wa kaskazini kwa namna ambayo hakuna zizi jingine bondeni linaloweza. Kila jiwe aliliweka baada ya kusimama na kuusikiliza upepo. Sijui mahali pengine popote ambapo naweza kujua, kabla sijafungua mlango, baridi itanipiga kutokea upande gani.

Kaka yako,
Dugersuren


Ulaanbaatar, 20 Desemba 2000

Kaka,

Je, mnapitisha baridi salama? Mama na wifi wanapitisha salama? Na farasi wa msafara, wote wapo na wanapitisha salama, pamoja na yule wa rangi ya mchanga? Skafu nimempa wifi, aivae kwa raha.

Baada ya salamu, sina mengi. Redio inasema mikoa ya magharibi ina hali mbaya, lakini redio husema hivyo kila mwaka. Mwenye kampuni anataka kupata neno kuhusu farasi kabla Machi haijaisha, ili atoe vitabu vya matangazo. Nitamfikishia maneno yako kama utakavyoyaandika, bila kuongeza wala kupunguza.

Barua hii naikabidhi kwa Gonchig, dereva wa lori la unga. Anasema atafika kwenu kabla ya sikukuu ya mwaka mpya, Mwezi Mweupe, njia ikimruhusu.

Norjmaa


Mwamba wa Manjano, 11 Machi 2001

Norjmaa mdogo wangu,

Tunapitisha baridi salama. Mama na Handsuren wanapitisha salama. Farasi wa msafara wanapitisha salama, pamoja na yule wa rangi ya mchanga.

Baada ya salamu. Barua yako imefika juzi. Gonchig alilazimika kuliacha lori chini ya mlima na kulifukua baada ya majuma mengi. Unga wetu ulikuwa umeganda ukawa kama matofali, tukaukata kwa shoka. Anaondoka kesho, naye ndiye atakayekuletea haya.

Mwezi Mweupe tuliusherehekea. Tserendash alivuka mlima na wanawe kuja kumwamkia mama. Wewe unamkumbuka, yeye yuko upande wa magharibi, ambako upepo uliwafagilia theluji na nyasi zikabaki wazi. Alinyoosha mikono, nikaweka yangu juu ya yake.

“Mifugo yenu imenona?”

“Imenona. Na yenu?”

“Imenona.”

Tukaketi, tukanywa chai. Mama alingoja hadi bakuli zikawa tupu.

“Haya,” alisema, “kwa kuwa sote tumenona, nani ana unga?”

Tserendash alicheka mpaka akakohoa, kisha akatoka nje kwenda haja na akakawia kurudi. Kuna ukuta mpya upande wa kaskazini wa zizi, mrefu kuliko ule wa baba. Sikuujenga kwa mawe. Alipoingia tena aliomba chai.

Nimesoma barua yako kwa makini. Umekwisha kupata jibu la ulichouliza.

Dugersuren


Ulaanbaatar, 29 Machi 2001

Kaka,

Je, mnapokea majira ya kuchipua salama? Mama na wifi wazima?

Baada ya salamu. Mwenye kampuni aliniita siku ileile barua yako ilipofika. Nilimsomea sentensi yako: farasi wa msafara wanapitisha salama, pamoja na yule wa rangi ya mchanga. Akaniambia niisome tena kwa lugha yake, nikaisoma. Alipiga kofi mezani kwa furaha. Vitabu vimekwisha kuchapishwa na wageni wamekwisha kuandikishwa.

Jana Gonchig alikuja kunywa chai. Nilimuuliza kaka yangu amebakiwa na farasi wa namna gani. Aliizungusha bakuli yake mkononi.

“Kaka yako amekwambiaje?”

“Amesema wako salama.”

“Basi wako salama, dada,” alisema, na papo hapo akaanza kunieleza habari ya matairi.

Alipoondoka niliirudia barua yako na nikaona kosa langu. Swali la farasi nililiweka kwenye salamu. Nilipaswa kuliweka baada yake. Sasa naliweka mahali pake, na naomba ulijibu mahali pake: farasi wa msafara wapo au hawapo? Ukuta ulio kaskazini ya zizi umejengwa kwa nini? Ikiwa hawapo, nitakwenda kwa mwenye kampuni nimweleze kwamba nilitafsiri maneno na nikaiacha maana.

Norjmaa


Mwamba wa Manjano, 6 Mei 2001

Norjmaa mdogo wangu,

Tumepokea majira ya kuchipua salama. Sote wazima.

Baada ya salamu. Wewe uliyesomea lugha chuo kikuu huwezi kukosea mahali pa kuliweka swali. Uliuliza pale ambapo jibu moja tu linaruhusiwa, kwa kuwa hilo moja ndilo ulilolihitaji. Sikulaumu. Nami nililijibu palepale kwa sababu hiyohiyo. Ningeweza kuongeza mstari mmoja chini yake. Nilikaa na kalamu mpaka wino ukaganda, na nikaona kwamba mstari huo ukiandikwa, sisi si watu wa Mwamba wa Manjano tena.

Hawapo. Wamesalia majike wachache wasioweza kubeba tandiko, seuze mgeni. Ganda la barafu lilinenepa mwezi wa Januari. Farasi walikuwa wakilivunja mpaka kwato zao zikatoka damu, kisha wakaanza kulana mikia. Mbuzi na kondoo walikuwa wametangulia. Mizoga niliipanga kaskazini ili ikinge upepo kwa wale waliokuwa bado wamesimama, na huo ndio ukuta. Elimu yangu yote ya udaktari wa wanyama haikunipa dawa ya njaa. Yule wa rangi ya mchanga alisimama karibu hadi mwisho. Kichwa chake nimekipandisha mahali panapomstahili.

Usiende kwa mwenye kampuni. Neno lililokwisha kuchapishwa halirudi kalamuni. Akijua, atawapeleka wageni kwingine na hatawarudisha huku kamwe. Nimevuka mlima kuzungumza na Tserendash. Atatuazima farasi wake mpaka msafara uishe. Kama malipo, kuanzia vuli, zizi la Mwamba wa Manjano litakuwa lake. Kundi lake limekuwa kubwa kupita upande wake. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa, wala yeye hakuwa na haja ya kitu kingine.

Najua utakavyosema. Lakini zizi lisilo na mifugo ni mawe tu, na msafara ukienda vizuri mwaka huu, kutakuwa na mwingine mwakani, na mwingine. Tutapata majike, na nitajenga upande wa kusini. Mawe hayajaisha duniani. Handsuren haafiki. Mama hajaulizwa.

Kwa wageni, hawa ni farasi wetu. Mjane akimuulizia Oskar, mwambie yuko mahali pa juu.

Dugersuren


Ulaanbaatar, 14 Agosti 2001

Kaka,

Je, mnapitisha kiangazi salama? Mama mguu wake? Wifi hajambo? Tangu tuagane nimekuwa mzima.

Baada ya salamu. Tulikuwa pamoja muda wote wa msafara na hatukupata nafasi ya kuzungumza. Au tuliipata, tukaitumia kukaza mikanda ya matandiko. Yako mambo yaliyosemwa kwa lugha usiyoisikia, na kazi yangu ni kukufikishia.

Siku ya kwanza wageni walikuwa na furaha. Kijana mrefu wa Kijerumani, yule ambaye miguu yake ilikaribia kuburuta, aliniuliza kwa nini farasi wote wanageuza shingo magharibi. Nilikuuliza. Ukajibu, “Huko nyasi ni tamu,” nami nikatafsiri. Siku ya pili farasi walivuta upande uleule. Asubuhi ya siku iliyofuata hapakuwa na farasi hata mmoja kambini. Walikuwa wameruka na kamba zao za miguu hadi karibu na njia ya mlimani, wakirudi kwa Tserendash. Ulikwenda kuwaleta kwa miguu. Wageni walisimama na vikombe vyao vya kahawa wakikutazama ukipungua.

“Hawa farasi wamemeza dira,” Mjerumani akasema, na wote wakacheka.

Bi Marijke hakucheka. Nadhani uliliona hilo.

Alikuwa amekwisha kuniuliza, mara tu aliposhuka garini, Oskar yuko wapi. Nilikutafsiria ingawa ulikuwa umekwisha kulisikia jina. Ulisema, “Mwambie yuko mahali pa juu, analiona bonde zima.” Nikamwambia hivyo, neno kwa neno. Akasema vizuri, amestahili kupumzika, akakirudisha mfukoni kifuko cha sukari alichokuja nacho.

Kisha tukafika juu, kwenye rundo la mawe la njia panda. Mimi sikujua kwamba ndipo ulipokiweka kichwa. Nilikitambua kitambaa cha buluu kabla ya kukitambua kichwa, kwa maana ni kile nilichomletea mama. Wageni walilizunguka rundo kama tulivyowafundisha, kila mmoja akaongeza jiwe. Bi Marijke alisimama mbele ya kichwa.

“Hiki ni cha nani?”

“Cha farasi mwema,” ulisema.

“Alikuwa wa rangi gani?”

Ukasema, “Sasa ni mweupe.”

Hilo nalo nililitafsiri, kaka. Sijawahi kutafsiri kwa usahihi zaidi, wala kuona haya zaidi. Alitikisa kichwa, akaendelea kusimama, na sote tuliposhuka alikuwa wa mwisho.

Usilolijua ni hili. Garini, tukirudi mjini, aliniambia kwamba alikitambua kwa jino la mbele lililovunjika. Alikuwa amelilisha sukari msafara mzima wa kwanza. Sukari yote aliiacha pale, chini ya jiwe. Aliniambia pia kwamba tangu siku ya kwanza alijua farasi si wako. “Kaka yako anawaongoza kama mtu aliyevaa koti la mwenzake,” alisema, “anaogopa kulichafua.” Hakuwa na hasira. Alinishika mkono akalia, na akasema ni lazima mtu fulani awasaidie.

Na akasaidia. Kwenye chakula cha kuagana alisimama mbele ya wote akamweleza mwenye kampuni habari yenu: familia iliyopoteza kundi zima na bado ikawapokea wageni kwa heshima. Alimwomba awe na huruma. Wageni walipiga makofi. Mwenye kampuni naye alipiga makofi, akitabasamu, huku ananitazama mimi.

Asubuhi aliifungua barua yako ya Machi mezani, nakala niliyomtafsiria, akaweka kidole kwenye sentensi.

“Hii ilikuwa nini?”

Nilimwambia ilikuwa salamu.

“Mimi sikuuliza salamu,” alisema.

Mwakani msafara unakwenda mkoa mwingine, kwa familia nyingine. Amenibakiza ofisini nitafsiri barua. Kwa wageni sitatoka tena. Nimejaribu kumshawishi kwa njia zote ninazozijua, nami ninazijua nyingi, kwa sababu maneno ndiyo kazi yangu. Mlango umefungwa.

Bi Marijke ameniandikia kutoka kwao, anauliza kama maneno yake yamefaa. Sijamjibu. Kama utataka ajibiwe lolote, niambie.

Norjmaa


Mwamba wa Manjano, 5 Septemba 2001

Norjmaa mdogo wangu,

Tunapitisha kiangazi salama. Sote wazima.

Baada ya salamu. Mwambie mjane kwamba maneno yake yamefaa. Ni mgeni, alileta sukari, na alipanda hadi juu.

Malipo ya msafara yalitosha unga na dawa za mama. Hayakutosha jike hata mmoja, kwa kuwa mwaka huu kila mtu anatafuta majike na walionao hawauzi. Wale wetu wachache nimewaacha kundini kwa Tserendash. Ukisikia mtu akisema Dugersuren ana farasi, hatakuwa amekosea sana; lakini ukiwatafuta, utawakuta wanageuza shingo magharibi pamoja na wengine.

Tserendash alikuja jana kulitazama zizi. Alilizunguka akiwa ameshika kofia mkononi, asijue pa kuweka macho. Mama alikuwa ameketi mlangoni.

“Mama,” alisema, “mkitaka kukaa mpaka baridi hii ipite, mimi sina neno.”

“Wewe una kondoo wangapi wa kuingia humo?” mama akamuuliza.

“Wengi, mama.”

“Na sisi tukae wapi, juu ya migongo yao?”

Alitaka kusema zaidi, mama akamkatiza.

“Upepo wa hapa hutoka kaskazini, kisha saa ya alfajiri hugeuka kidogo. Kona ile ya mashariki ndiyo ya wana-kondoo. Usije ukasema baadaye hatukukwambia.”

Ndivyo mama alivyoulizwa, na ndivyo alivyojibu. Nilikuwa nimeogopa siku hiyo kuliko Januari yote.

Hatutakuja mjini. Mkuu wa shule ya wilaya anahitaji mtu wa kuchochea tanuri linalopasha madarasa joto, naye anakumbuka kwamba niliwahi kumponya ng'ombe wake. Tutasimamisha hema nyuma ya shule, ndani ya ua wa mbao. Handsuren atapika jikoni kwa wanafunzi. Tutaondoka upepo utakapotulia. Barua zako ziandikie shuleni.

Dugersuren


Ulaanbaatar, 12 Oktoba 2001

Kaka,

Je, mnapitisha vuli salama? Mama hajambo? Wifi amezoea kazi ya jikoni? Hema liko mahali pakavu? Mimi ni mzima.

Baada ya salamu, nimewatumia kwa Gonchig koti moja zito la mama na buti zako. Za wifi zitafuata. Ofisini hakuna jipya. Nikimaliza kutafsiri, nakaa na kuangalia vilima. Hema zimeongezeka tena, zimefika karibu na nguzo za umeme. Nikipata ruhusa nitakuja Mwezi Mweupe kumwamkia mama.

Sina neno jingine. Nimejaribu kulitafuta.

Norjmaa


Shuleni, 4 Novemba 2001

Norjmaa mdogo wangu,

Tunapitisha vuli salama. Mama hajambo, ingawa hapendi ua. Anasema tangu azaliwe hajawahi kuamka na kuona mbao. Handsuren amezoea. Hema liko mahali pakavu. Koti limemtosha mama, buti zimenibana kidogo. Njoo Mwezi Mweupe.

Baada ya salamu. Mimi ndiye ninayewasomea barua zako, kwa sauti, baada ya chai. Hii ya mwisho niliisoma hadi kwenye hema na mahali pakavu, nikaingia kwenye koti. Mama aliinua mkono.

“Umeruka mstari.”

“Sijaruka, mama.”

“Rudi juu.”

Nikarudi juu, nikasoma: mnapitisha vuli salama, mama hajambo, wifi amezoea kazi. Alikuwa ananisikiliza huku macho yake yako kwenye karatasi, ingawa hajui kusoma.

“Hajauliza mifugo,” alisema.

Nilimweleza kwamba ulikuwa unatuhurumia. Nilimweleza vizuri, hatua kwa hatua, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wafugaji kwa nini mnyama huyu hatapona: kwamba wewe unajua hali, kwamba kuuliza kitu unachojua hakipo kungekuwa kama kutusimanga. Alinisikiliza hadi nikamaliza.

“Marehemu ndio hawaulizwi mifugo,” alisema, akajifunika koti ulilomletea, akageukia upande wa pili. Handsuren alitoka nje amejiziba mdomo kwa ile skafu yako.

Mimi nilikwenda kwenye tanuri. Makaa ya shule ni mabaya, yana mawe ndani, na mtu anayechochea ana muda mwingi wa kufikiri. Nimefikiri hivi. Mwaka jana uliniuliza farasi kwenye salamu, nikajibu kama salamu inavyotaka, na kwa jibu hilo tukapoteza zizi. Ingefaa sasa nilichukie swali lile. Nimejipima kwa uangalifu na sioni kwamba nalichukia. Kati ya vyote tulivyokuwa navyo Mwamba wa Manjano, ndicho kitu pekee ambacho Tserendash hakukihitaji, wala barafu haikukifikia.

Kwa hiyo barua yako ijayo ianze inavyostahili kuanza. Uulize, na usiogope. Nitamsomea mama mstari huo kwanza, naye ndiye atakayejibu. Ameshanieleza jibu lake na amenitaka niliandike mapema, njia isije ikafungwa.

Imenona.

Kaka yako,
Dugersuren